UZI: Kliti ikicheza usiikaze, ifungue. Ukarabati wa vyuma vya sitaha kwenye mashua ndogo ya tanga

Pweza Mkavu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha sana, ila juzi nimeona tena mtu akishauriwa "kaza nati, zungushia silikoni, maisha yaendelee". Ushauri huo niliufuata misimu minne mfululizo, na kilichotokea ndicho kilichonileta hapa.

Mashua yangu ni ya faibaglasi, mita 7, mlingoti mmoja, tanga kubwa na tanga la mbele. Kliti ya kushoto ya omo (mbele ya mashua), kile chuma cha pembe mbili cha kufungia kamba ya maegesho, ilikuwa inacheza. Si sana. Ukiishika kwa vidole na kuitikisa unasikia "tk, tk". Kila mwanzo wa msimu natambaa ndani hadi omoni na spana namba 13, naipa kila nati nusu mzunguko, natoka, napaka silikoni kuzunguka kitako. Mwaka unaofuata inacheza tena, na nati zinakubali nusu mzunguko mwingine. Hapo ndipo nilipaswa kujiuliza: bolti hairefuki na kliti haipungui unene, sasa nati inakwenda wapi?

Ilikuwa inazama ndani ya sitaha.

Kwa wasiojua: sitaha ya mashua nyingi za faibaglasi si kipande kimoja kizima. Ni kama ubao wa katoni, ngozi ngumu juu, ngozi ngumu chini, na kitu chepesi katikati. Kwangu ngozi ya juu ni milimita 4, ya chini milimita 2, na katikati milimita 12 za mti wa balsa uliokatwa vipande vikasimamishwa, nyuzi zikitazama juu. Wengine wana povu gumu au plaiwudi humo katikati. Ikiwa kavu, balsa inabeba mzigo vizuri ajabu kwa uzito wake. Ikilowa inageuka kitu kingine.

Aliyefunga kliti yangu alitoboa matundu manne moja kwa moja, akapitisha bolti za milimita 8, akaweka washa ndogo na nati. Basi. Kila nilipokaza, ngozi mbili zilisogeleana, balsa ikabonyea, juu pakawa na kishimo kidogo, silikoni ikaachia, maji yakaingia. Balsa ikalainika zaidi, kliti ikacheza zaidi, nami nikarudi na spana yangu. Yaani nilikuwa naipampu maji mwenyewe.

Usiku wa tukio kasi ya upepo ilipanda kutoka noti 10 hadi kwenye 30. Wengi husema "mara tatu". Nguvu ya upepo inakwenda kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo ni mara tisa. Ongeza mawimbi: kamba inalegea, inanyooka kwa kishindo, inalegea. Bolti mbili za nyuma ziling'oka na nati zake na washa zake zikiwa bado zimekaza, zikaacha matundu mawili ya mviringo, safi kama yaliyochongwa. Mbili za mbele zilinipa muda wa kuhamishia kamba kwenye shina la mlingoti.

Kesho yake nilipofungua, maji ya kahawia yalichuruzika kwa dakika nzima. Nikachomeka bisibisi nyembamba kwenye tundu kwenda pembeni, ikazama sentimita 5 bila kusukumwa. Balsa ilitoka kama gazeti lililolala mvuani. Na bolti zenyewe, wakuu! Kichwa kinang'aa, ncha inang'aa, katikati pamelika kama kiuno cha nyigu. Chuma cha pua kinajilinda kwa utando mwembamba unaohitaji hewa ya oksijeni. Kikae kwenye unyevu usio na hewa, kama ndani ya balsa iliyolowa, utando unakufa na kutu inakula kimya kimya mahali usipopaona.

Hesabu moja ndogo kisha niwaachie. Washa ya kawaida ya bolti ya milimita 8 ina upana wa milimita 16. Toa tundu la katikati, inabaki kama milimita za mraba 146. Zidisha kwa nne, haifiki 600. Huo ndio ukubwa wa eneo lililokuwa linaizuia tani nzima na nusu ya mashua isiondoke. Bamba la kutandika chini ya sitaha badala ya washa, la sentimita 20 kwa 8, lina milimita za mraba 16,000. Sikuwa nalo.

Nitaeleza nilivyotengeneza. Maswali ruksa.

Kamba Mbovu

Naweka kambi hapa mkuu. Yangu haichezi popote ila nina wasiwasi. Nitajuaje palipooza bila kufungua kila bolti?

Pweza Mkavu

@Kamba Mbovu gonga. Chukua bisibisi yenye mpini mgumu wa plastiki, ushike upande wa chuma, gonga sitaha kwa mpini kila baada ya sentimita 3 hivi. Mahali pazima panajibu "ta, ta", sauti kavu inayodunda. Palipooza au ngozi ilipoachana na balsa panajibu "du". Sikio litazoea baada ya dakika kumi. Weka alama kwa penseli kila sauti inapobadilika, utaona ramani inajichora, na mara nyingi ni duara kuzunguka kifaa fulani, kisha mkia mrefu kuelekea upande wa chini ambako maji hukusanyika.

Angalizo: karibu na ukuta wa ndani, au pale mtengenezaji alipoweka plaiwudi badala ya balsa, sauti hubadilika bila ugonjwa wowote. Linganisha kushoto na kulia. Zikifanana pande zote mbili, huenda ndivyo ilivyojengwa.

Dalili nyingine ni nyufa nyembamba kama utando wa buibui kwenye jelikoti (lile tabaka la juu kabisa linalong'aa), zikitokea kwenye kona za kitako cha kliti au cha nguzo zinazobeba waya za usalama. Hizo hazisemi lolote kuhusu maji moja kwa moja. Zinasema sitaha hapo inapinda, na inapopinda ziba, yaani kile unachopaka kuzuia maji, haikai.

Fundi Tezi

Kabla mtu hajadanganywa: kuna ule mtindo wa kutoboa vitundu vidogo kama chujio juu ya eneo bovu na kumimina epoksi nyepesi (gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu) ndani "ijaze". Nimefungua sitaha tatu zilizotibiwa hivyo. Epoksi ilikaa chini ya kila kitundu kama kitone cha nta, na kati ya kitone na kitone balsa bado imelowa. Epoksi haishiki mti wenye maji. Na njia zilizoachwa na uozo haziungani unavyofikiri, kwa hiyo hata ingekuwa imekauka isingefika. Unaishia na sitaha nzito kuliko zamani na bovu vilevile.

Pweza Mkavu

Fundi Tezi umemaliza. Ndiyo maana kazi yangu iligawanyika mara mbili.

Kliti ya kulia ilikuwa imeanza kulowa karibu na matundu tu. Hapo sikuchana sitaha. Niliacha tundu la ngozi ya juu na saizi yake, nikakata kichwa cha msumari, nikaukunja ncha uwe kama herufi L, nikaufunga kwenye drili. Ukizungusha humo ndani, ncha inakula balsa bila kugusa ngozi. Nililenga kama sentimita 1 na nusu kuzunguka kila tundu, hadi ilipoanza kutoka balsa nyeupe na kavu. Hiyo rangi ndiyo kipimo. Ikiendelea kutoka ya kahawia na wewe umechoka, maana yake ni kwamba uko kwenye kundi la pili, usijidanganye. Shikilia drili kwa mikono miwili na anza taratibu, msumari uliokunjwa ukirukia ngozi unachana tundu.

Kisha nikaacha vikauke. Hapa watu wengi wanaharibu. Feni ilipuliza kwa siku nne, na jioni taa yenye joto kwa mbali. Usiku nilifunika umande usirudi.

Halafu tepu chini ya tundu, ibane vizuri, maana epoksi hupata njia yoyote. Kwanza nilimimina epoksi tupu, nyepesi, nikaiacha dakika chache inywewe na kingo za balsa, nikanyonya iliyozidi kwa bomba la sindano. Ndipo nikaja na epoksi iliyochanganywa na unga wa silika hadi ikawa nzito kama dawa ya meno, nikaisukuma kutoka chini ya tundu kwenda juu ili isifungie hewa. Usijaze tundu kubwa kwa mara moja. Epoksi inapokauka inatoa joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja inachemka, inatoa moshi na kupasuka. Yangu ya kwanza ilichemka ndani ya kikombe nikiwa bado natafuta glavu.

Glavu ni lazima, jamani. Kuna watu ngozi yao iliikubali epoksi miaka mingi, siku moja ikakataa, na ikikataa hairudi nyuma. Vumbi la faibaglasi nalo ni la barakoa nzuri, si kitambaa.

Baada ya siku mbili nikatoboa upya katikati ya kile kizibo. Sasa bolti inapita ndani ya nguzo ngumu ya epoksi. Hata juu pakivuja siku moja, maji hayagusi balsa, yanadondoka ndani nayaona. Nguzo hiyo hiyo inazuia ngozi mbili zisisogeleane nikikaza. Kazi mbili kwa tundu moja.

Wepesi

Na ile ya kushoto iliyong'oka?

Pweza Mkavu

Hiyo ilinila wiki tatu.

Nilikata ngozi ya juu kwa grainda nikifuata mstari wa penseli pamoja na sentimita 3 za ziada, nikaibandua kama kifuniko. Balsa mbovu ilitoka kwa mkono, nzima ikahitaji patasi. Nikasafisha, nikakausha, nikalaza balsa mpya juu ya epoksi nzito na kuweka uzito juu. Chini kabisa ya kliti sikurudisha balsa, niliweka kipande cha G10, yaani faibaglasi iliyogandamizwa kiwandani ikawa bamba gumu. Haiozi na haibonyei.

Kifuniko cha zamani sikukirudisha, kilikuwa kimepinda. Nikajenga ngozi mpya kwa kitambaa cha faibaglasi na epoksi. Kitu muhimu hapa ni mwinamo wa kingo. Ukiunga kitambaa kipya na ngozi ya zamani kingo kwa kingo, utapata ufa. Kingo za zamani zinachongwa kwa msasa ziteremke polepole, mara 12 ya unene wa ngozi. Kwangu milimita 4 mara 12, kama sentimita 5 kuzunguka pote. Unaona huruma kusaga sehemu nzima kiasi hicho, lakini ndipo mzigo unapohamia.

Futa kwa asetoni kabla ya kupiga msasa, si baada tu. Ukianza na msasa unasukumia nta na mabaki ya silikoni ndani ya mikwaruzo. Na epoksi nyingi zikikauka huacha utando wa mafuta juu, ambao unaoshwa kwa maji na sponji kabla ya tabaka linalofuata. Mimi tabaka la pili lilibanduka kwa sababu ya hilo, ikabidi nirudie. Nikajiona mjinga kwa siku nzima.

Binti Nahodha

Uzi mzuri kaka, ila sijasikia ulizibia nini mwishoni. Usiniambie poliurethani ya kudumu.

Pweza Mkavu

Ndiyo dada, poliurethani. Nilitaka isitoke tena.

Binti Nahodha

Ndilo kosa lenyewe 😀 Kifaa cha sitaha *lazima* kitoke siku moja. Mimi nilinunua mashua ambayo mwenye nayo wa kwanza alibandika kila kitu kwa 3M 5200, poliurethani ya aina hiyo. Kuondoa kitako cha nguzo moja niliondoka na jelikoti ya ukubwa wa kiganja. Ile ni gundi, imetengenezwa kwa ajili ya viungo visivyofunguliwa. Mzigo wa kliti unabebwa na bolti na bamba. Ziba kazi yake ni maji tu.

Mimi natumia tepu ya butili. Haikauki, inabaki laini miaka na miaka, sitaha ikitikisika inafuata. Nakata tepu, naviringisha kamba nyembamba, nazungusha shingo ya bolti chini ya kichwa, naweka nyingine kwenye kitako. Na kabla ya hapo kila tundu juu nalichonga mdomo wake kidogo kwa biti ya kuzamishia vichwa vya skrubu, liwe kama faneli. Butili ikibanwa inajaa kwenye ule mdomo na kuwa pete. Bila ule mdomo, ukikaza unaisukumia yote nje na kubaki na unene wa karatasi.

Halafu shika kichwa cha bolti kisizunguke, zungusha nati tu kutoka chini. Ukizungusha bolti unaichana pete uliyoitengeneza sasa hivi. Ndiyo, mnahitajika watu wawili. Kaza kidogo, acha, rudi kesho, kaza tena. Butili inatiririka polepole na ukiwa na haraka haikupi kitu.

Isipokuwa karibu na mdomo wa tangi la mafuta. Petroli na dizeli zinaiyeyusha. Hapo tumia polisulfidi.

Fundi Tezi

Na polisulfidi usiiweke kwenye madirisha ya plastiki, inaila baadhi ya plastiki hadi zinapasuka. Silikoni ndiyo usiilete kabisa kwenye vifaa hivi. Haishiki kwa muda mrefu, na inapoachia huacha utando ambao hakuna rangi wala ziba nyingine inayoukubali. Nikiona silikoni kwenye sitaha najua kuna maji chini yake. Bado sijakosea.

Pweza Mkavu

Binti Nahodha nimekubali. Kwa kliti ya kulia nimetumia butili kama ulivyosema. Ya kushoto imekwishabandikwa, nitakukumbuka siku ya kuifungua.

Swali kwenu wawili: chini, upande wa bamba, mnaziba pia?

Binti Nahodha

Hapana. Juu tu. Ukiziba chini, siku juu pakivuja maji hayana pa kutokea, yanakaa humo humo yakitafuta balsa. Chini pakiwa wazi unapata tone kwenye godoro na unajua. Tone kwenye godoro ni taarifa.

Mzee wa Kalafati

Vijana mnaongea faibaglasi tu. Sisi wa mbao tupo.

Kwenye mbao ugonjwa ni ule ule, dawa tofauti. Maji ya mvua ni mabaya kuliko ya bahari, chumvi inawazuia kuvu. Kwa hiyo mashua inayokaa kwenye maji ya chumvi inaweza kuoza kutoka juu kwenda chini, kuanzia tundu la skrubu kwenye sitaha. Kliti haifungwi kwenye ubao wa sitaha peke yake. Chini unaweka kipande cha mti mgumu, kizito, kinachokaa kati ya mihimili miwili na kuiegemea yote miwili. Ukivuta kamba, unavuta mihimili, si ubao.

Skrubu iliyolegea kwenye mbao vijana huiwekea skrubu nene zaidi. Mwaka ujao nene zaidi tena. Toboa tundu kubwa, tia kizibo cha mti ule ule chenye gundi, nyuzi zikielekea upande wa nyuzi za ubao, kisha toboa upya. Au acha skrubu kabisa, pitisha bolti. Na shaba nyeusi inakaa kwenye mti uliolowa bila yale mambo ya kiuno cha nyigu.

Wepesi

Shikamoo mzee, hiyo ya mihimili nimeichukua.

Mimi tatizo langu ni nguzo za pembeni, zile zinazobeba waya za usalama. Mbili zinayumba. Nazo ni kufungua na kuziba upya tu?

Mzee wa Kalafati

Marahaba. Muulize mleta mada, nguzo za chuma ni mambo yenu.

Pweza Mkavu

@Wepesi nguzo ni mbaya kuliko kliti, kwa sababu ni mtaimbo. Kliti inavutwa zaidi kwenda pembeni, sambamba na sitaha, na sitaha inavumilia hilo. Nguzo inasukumwa kwenye ncha yake ya juu, na kitako kinajaribu kung'oka.

Fanya hesabu. Nguzo ina urefu wa sentimita 60. Mtu anapepesuka anaegemea waya, tuseme kilo 70 zinafika kwenye ncha moja. Kitako kinaegemea ukingo wake wa nje, na bolti za ndani ziko sentimita 6 kutoka ukingo huo. 60 gawa kwa 6 ni mara kumi. Bolti mbili za ndani zinavutwa juu kwa kilo 700, kila moja 350. Wakati huo huo ukingo wa nje unaipondaponda sitaha kwenda chini. Ndiyo maana nyufa za buibui zinapenda kona za vitako vya nguzo.

Kwa hiyo ndiyo, fungua, chimbua, jaza, lakini bamba la chini ndilo lenye kazi. Lisiishie kwenye kitako, lizidi kwa sentimita 2 au 3 kila upande, hasa kuelekea ndani ya mashua. Na acha kushika nguzo unapopanda. Mimi nilikuwa nazishika kila siku huku nikilalamika kwamba zinayumba.

Kamba Mbovu

Bamba la plaiwudi si linatosha? Au lazima hilo la G10?

Pweza Mkavu

Plaiwudi ya baharini inatosha kwenye vitu vingi, ila ipake epoksi pande zote na ndani ya matundu, na weka washa pana juu yake, la sivyo nati inazama kama ilivyozama kwangu. G10 ya milimita 6 ndiyo ninayoipenda, ila vumbi lake linawasha mno na inamaliza biti. Alumini ya milimita 6 nayo nzuri ikiwa ndani pakavu. Ikigusana na bolti za chuma cha pua penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayolika, utaona unga mweupe. Paka mafuta mazito ya kuzuia kutu katikati yao.

Kosa ninaloliona ni bamba zuri juu ya sehemu isiyo nyoofu. Chini ya sitaha si tambarare, kuna vinundu na mpindo. Bamba linagusa sehemu tatu tu na mzigo wote unakwenda hapo. Lilaze juu ya epoksi nzito, likaze kwa vidole tu, acha ikauke ikiwa imejaza mapengo, ndipo ukaze kweli. Kona zake zizungushe, kona kali inachanja ngozi ya chini.

Fundi Tezi

Bolti za kununua: angalia kichwani. Ikiandikwa A4 ni daraja la 316, yenye molibdeni, inavumilia chumvi. A2 ni 304, hiyo ni ya jikoni. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, zote mbili karibu hazishikwi. Na zisizo na maandishi yoyote mimi siziweki kwenye kitu kinachoshika mashua.

Weka pia mafuta kidogo kwenye nyuzi za bolti kabla ya kufunga nati. Chuma cha pua kwa chuma cha pua kina tabia ya kung'ang'aniana katikati ya safari. Ikishika hivyo usilazimishe, utakata bolti. Msumeno tu.

Binti Nahodha

Niongeze kitu kinachosahaulika: kapi za kugeuzia kamba. Mtu anahamisha henza, kamba ya kupandishia tanga, kutoka mlingotini hadi nyuma ili asiende mbele kwenye mawimbi, anafunga kapi sitahani kwa skrubu mbili kwa sababu "ni kapi dogo". Kamba ikigeuka robo mzunguko, kapi linabeba mara 1.4 ya mvuto wa kamba. Ikirudi ilikotoka, kama demani (kamba ya kulivuta na kulilegeza tanga) ya tanga la mbele inapogeuka nyuma kuelekea winchi, linabeba mara mbili. Kamba ina kilo 200, kapi lina 400. Dogo kwa macho tu.

Na mlio na kliti ndogo: urefu wa kliti uwe kama mara 16 ya unene wa kamba. Kamba ya milimita 12, kliti ya sentimita 20 hivi.

Kamba Mbovu

Nimekwenda kugonga leo. Omo nzima ni "ta, ta". Nimefurahi. Nimefika kwenye bamba la waya wa mlingoti upande wa kulia, pale linapopita sitahani: "du, du, du", kiganja kizima. Na mpini wa bisibisi umepasuka.

Fundi Tezi

Pole. Hapo usiguse chochote kabla hujalegeza waya na kuupa mlingoti kamba ya muda upande huo, hiyo si kliti. Ingia ndani kwanza ukaangalie ukuta ambao bamba hilo limefungwa. Maji yakipita pale yanateremka kwenye bamba hadi kwenye plaiwudi ya ukuta. Chomeka kisu karibu na bolti ya chini kabisa, uje utuambie.

Pweza Mkavu

Na piga picha kabla hujafungua, pande zote.

Kuhusu yangu: jana nimemwagia maji kwa mpira, kliti zote mbili, robo saa kila moja, mwenzangu akiwa ndani na tochi na karatasi kavu chini ya kila bolti. Karatasi ya kulia imebaki kavu. Ya kushoto, ile ya poliurethani, nayo kavu. Kisha tukafunga kamba, tukavuta kwa winchi hadi ikalia. Nimeishika kliti, nimeitikisa. Kimya.

Kamba Mbovu

Nimerudi. Kisu kimeingia hadi kwenye mpini. Nafungua uzi wangu.